Meli ya Sutton Hoo: mbao zimeoza, umbo limebaki

Watu wakisikia kaburi la mfalme wanawaza dhahabu, na kweli Sutton Hoo ilikuwepo, bizimu la mkanda peke yake lina zaidi ya gramu 400, ila mimi kwa kazi yangu ya makumbusho kinachonishika zaidi ni meli yenyewe iliyotumika kama kaburi.

Iko hivi. Huko Suffolk, mashariki mwa Uingereza, juu ya mto Deben, hapo Sutton Hoo, kuna vilima vya udongo walimozikwa wakubwa wa Waanglo-Saksoni, watu waliotawala huko enzi hizo, miaka kama 1,400 iliyopita. Mama mwenye shamba, Edith Pretty, akamwita Basil Brown, mtu wa hukohuko Suffolk aliyeacha shule na miaka 12 akajisomea mwenyewe. Mwezi wa 5, 1939, kwenye kilima kikubwa, ikatoka ribiti ya chuma, yaani msumari wa kuunganishia mbao za meli, imeliwa na kutu, halafu nyingine, na nyingine tena, zimejipanga mstari.

Hapo ndo penyewe. Zingeng'olewa zote zikatiwa kwenye ndoo, leo tungekuwa na ndoo ya vyuma chakavu basi. Brown akaziacha palepale, akawa anatoa mchanga kwa ndani taratibu, mpaka meli nzima ikajionyesha, mita 27 toka omo hadi tezi, mbao 9 kila upande. Na mbao zenyewe hakuna! Mchanga wa pale una asidi, ulishazila zamani, na maiti pia haikuonekana, kimebaki kivuli cheusi mchangani na ribiti kila moja mahali pake. Kwa hiyo ukichimba msingi wa nyumba ukakuta kitu cha kale usikitoe, tafadhali, piga picha uwaite wahusika, maana pale kilipolala ndo nusu ya habari yake.

Katikati ya meli kulikuwa na kofia ya vita imevunjika vipande mamia, ngao, vyombo vya fedha vya Bizanti (dola ya Kirumi ya mashariki), sarafu za dhahabu. Wengi wetu tunaona ni kaburi la Raedwald, mfalme wa East Anglia, eneo hilohilo. Agosti ileile baraza la uchunguzi likaamua mali ni ya Edith Pretty, naye akaitoa yote kwa British Museum, makumbusho ya taifa kule London, bure kabisa.

Vita ikaanza, hazina ikafichwa kwenye handaki la treni London, lakini lile shimo likabaki, na magari ya jeshi yakafanyia mazoezi eneo lile. Walipofukua tena kuanzia 1965 alama ya meli ilikuwa imeumia, ila ipo, wakaimwagia plasta wakapata umbo lake.