Kikomo cha terabaiti 2 kwenye seva za zamani

Umefunga diski ya terabaiti 3 kwenye seva ya Windows Server 2003, unafungua Disk Management (programu ya Windows ya kusimamia diski), na inakuonyesha vipande viwili: gigabaiti 2048 unazoweza kuzitumia, na gigabaiti 746 zilizokaa pembeni, hazikubali kufanywa patisheni, yaani sehemu ya diski inayotumika kivyake. Diski ni nzima. Kilichoishiwa ni nafasi ya kuandikia namba.

Namba hizo hukaa kwenye MBR, jedwali la patisheni lililokuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983. Liko kwenye sekta (kipande kidogo cha kuhifadhia data) ya kwanza kabisa ya diski, na kila patisheni imetengewa baiti 16. Kati ya hizo, baiti 4 zinasema patisheni inaanzia sekta ya ngapi, na 4 nyingine zinasema ina sekta ngapi. Baiti 4 ni biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 4,294,967,295. Zidisha kwa sekta ya baiti 512, unapata terabaiti 2. Wengi huilaumu NTFS, mfumo wa faili wa Windows, na wanaionea: kwa klasta (mafungu ya sekta) za kilobaiti 4 tu inafika terabaiti 16.

Kwenye seva tatizo hili halikusubiri diski kubwa. Diski 4 za terabaiti 1 zikiunganishwa kwa RAID 5, mfumo unaziona kama diski moja, na kikomo kimeshapitwa.

Dawa ni GPT, jedwali jipya la patisheni, inayoandika namba za sekta kwa biti 64. Ila lazima mfumo endeshi uielewe. Windows 2000 haiijui. Windows Server 2003 ya biti 32 iliipata kwenye Service Pack 1, mwaka 2005, tena kwa diski za data tu. Diski ya kuwashia inabaki MBR. Kwenye Linux za miaka hiyo, programu ya fdisk haiwezi kugawa diski ya GPT, tumia parted.

Disk Management hubadilisha MBR kuwa GPT kwenye diski tupu tu, kwa hiyo nakili data kwanza mahali pengine. Na ukiipeleka diski ya GPT kwenye mashine isiyoijua, utaona patisheni moja ya aina ngeni imejaza diski. Imewekwa makusudi, ili mashine hiyo isidhani diski ni tupu. Usiifute.