Msimalize mfungo kwanza: maswali kuhusu wanafunzi wanaozidiwa na mawazo

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Sesheni ya mitihani inapokaribia, tunaletewa wanafunzi waliochelewa sana, na barabara haina kosa hapo. Walipitishwa kwanza chumba cha maombi, juma tatu, juma tano, wengine siku 40 kamili. Haya ndiyo maswali ambayo wazazi na wanafunzi wananiuliza.

Kila mtu ana mawazo siku hizi. Ugonjwa unaanzia wapi?

Ni kweli, kila mtu anayo. Tangu vita ilipofika mjini Februari 2025, kuna wanafunzi waliozika ndugu, na kuna ambao benki zilipofungwa, feza ya wazazi ilikwama njiani. Kuhuzunika kwa hayo si ugonjwa. Sonona ni huzuni au kukosa hamu ya chochote karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa juma 2 au zaidi, huku usingizi umeharibika, chakula hakipiti, masomo hayaingii, na mtu anajiona hana maana. Wengi hawatasema "nina huzuni". Watasema kichwa kinauma, kifua kinabana, roho inapigapiga, na watakuwa wanameza parasetamoli kila siku.

Si uvivu tu?

Hapana. Kijana aliyekuwa anaamka alfajiri kusoma kwa taa ya simu, leo hawezi hata kwenda kuoga. Huo uvivu ulimwingia lini?

Tumpeleke kwanza kwa mchungaji, maombi yakishindwa ndipo tuje hospitali?

Hapana. Msimalize mfungo kwanza.

Nawaeleza niliyoyaona. Msichana wa mwaka wa pili aliletwa asubuhi, mama yake amemshika mkono huu, kaka yake mkono ule. Alikuwa amekaa juma tano chumba cha maombi, na kila juma siku tatu bila chakula wala maji. Midomo ilikuwa imepasuka. Sketi ilikuwa imefungwa kiunoni kwa kipande cha kamba ili isimwanguke. Mama alikuwa na mfuko wa plastiki, ndani yake chupa ya mafuta ya upako na silabusi ya takwimu iliyokunjwa kwenye ukurasa wa nne. Neno la kwanza la yule binti lilikuwa "maji". Ilibidi tuutibu mwili kabla ya kuigusa huzuni yenyewe. Alipopata nguvu ya kusema, alituambia kwamba alisema anataka kufa tangu juma la kwanza. Walimjibu kwamba ni pepo anayesema, wakamwongezea mfungo.

Mgonjwa wa sonona tayari hali chakula na halali usingizi. Mkimnyima chakula na kumkesheza usiku kucha, mnauongezea ugonjwa nguvu. Ombeni, hata mimi naomba. Kuna wachungaji wanaotuletea wagonjwa wenyewe, tena mapema, na hao nawashukuru kwa moyo wote. Lakini maombi yaende pamoja na matibabu, yasitangulie kwa juma tano.

Hata siku tatu tu, mama muuguzi?

Hata siku tatu. Mkitaka kufunga, fungeni ninyi mlio wazima. Mgonjwa ale, anywe, aje kituoni.

Na kama ameanza ghafla, anaongea peke yake, anasikia sauti? Hilo si pepo?

Mleteni leo apimwe malaria. Homa pamoja na kuchanganyikiwa inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, nayo haingojei mkesha wa Ijumaa. Kama si malaria, kusikia sauti ni dalili ya ugonjwa unaojulikana, una dawa, na mara nyingi unaanza katika umri huu huu wa chuo. Unavyokaa bila kutibiwa, ndivyo unavyozidi kuwa mgumu. Na msimfunge kamba. Nimesafisha vidonda vya vifundo vya mikono vya kutosha.

Mwenzangu tunayelala naye homu (bweni la wanafunzi) anasema "heri nife". Nikimuuliza, si nitampa wazo?

Hutampa. Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Wengi wanapumua wakiulizwa, maana walikuwa wanabeba peke yao. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo kwa watu wa miaka 15 hadi 29, kwa hiyo usichukue maneno hayo kama utani. Akisema ndiyo, au ukiona anagawa vitu vyake na kuaga watu, usimwache peke yake. Toeni chumbani dawa na sumu ya panya. Mleteni siku hiyo hiyo, si baada ya mtihani, si baada ya ibada ya Jumapili. Akikuomba usimwambie mtu, usimwahidi.

Nanunua diazepamu kwenye duka la dawa ili nilale. Kuna ubaya?

Upo. Inakulaza, haitibu sonona. Mwili unaizoea ndani ya majuma machache, na ukiichanganya na pombe kali inaweza kusimamisha pumzi. Kama umeimeza muda mrefu usiikate ghafla, njoo tuipunguze pole pole.

Nitameza dawa maisha yote?

Wengi hapana, na wengine hawahitaji dawa kabisa, mazungumzo na ufuatiliaji yanawatosha. Anayepewa fluoxetini au amitriptilini ajue kwamba nafuu inakuja baada ya juma 2 hadi 4, mara nyingine zaidi. Asiache siku ya kumi akisema haifanyi kazi. Kwa vijana, mawazo ya kufa yanaweza kuongezeka siku za mwanzo, ndiyo maana tunawaita warudi mapema. Na ukipona usiitupe: tunaendelea miezi kadhaa, mara nyingi 9 au zaidi, kisha tunaipunguza pamoja.

Mkitutuma SOSAME, watu watasema mtoto wetu ni kichaa.

Watasema, kisha watapata jambo lingine la kusema. SOSAME hapa kwetu, kama Tulizo Letu kule Goma, ni mahali pa kutibu afya ya akili, na wengi wanatibiwa huku wakilala nyumbani kwao. Kuhusu feza: nimeona familia zilizotumia nyingi kwa sadaka na mafuta kabla ya kutufikia kuliko walizotumia kwetu.

Sisi wanafunzi tufanye nini chuoni?

CP wa promosheni, yaani kiongozi wa darasa, ndiye anayejua nani hajaonekana. Juma mbili zikipita bila kumwona mtu, aende akagonge mlango wake, yeye mwenyewe, si kuandika ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Komite ya wanafunzi iwaombe wakuu wa chuo wapokee cheti cha daktari cha sonona kama wanavyopokea cha malaria, mwenzenu asipoteze mwaka kwa kuugua. Na mnapomleta, njooni wawili, naye awe amekunywa maji na kula kitu.