Kitabu Kile Kile, Jina Jingine

Mchapishaji anapotangaza kwamba kitabu cha mchezo kitabadilishiwa jina na jalada, malalamiko huanza kumiminika kabla hata kitabu chenyewe hakijafika kiwandani. Nimekuwa mhariri wa vitabu vya kanuni za michezo ya mezani, ile ambayo kila mchezaji huigiza mhusika wake, kwa muda wa kutosha kuyazoea malalamiko hayo, na naamini kwamba sisi tunaoviandaa vitabu hivi huyaelewa vibaya. Tunadhani shabiki anabishana nasi juu ya uzuri wa picha, kwa hiyo tunamjibu kwa kumsifu mchoraji, ilhali yeye mara nyingi anatuambia kwamba tumemwondolea alama aliyokuwa akiitegemea.

Kitabu cha kanuni hakisomwi kama riwaya. Hukaa mezani katikati ya dadu, penseli na karatasi za wahusika, hufunguliwa mara ishirini kwa usiku mmoja, na anayekihitaji haombi kwa jina kamili lililoandikwa kwenye jalada, husema tu, "Nipe hicho chenye joka." Baada ya miaka mitano ya matumizi ya namna hiyo, picha ya jalada imekuwa jina la pili la kitabu, na jina la kwanza limekwisha fupishwa kuwa herufi mbili au tatu zinazotumika katika kila mjadala wa kanuni. Ukivibadilisha vyote viwili kwa pamoja, mtu aliyekuwa na kitabu mkononi hana hakika tena kama anachonacho ni kilichokufa au ni kile kile kilichovishwa nguo mpya.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kitabu cha miungu cha Dungeons & Dragons, mchezo maarufu kuliko yote ya aina hii. Mwaka 1980 kampuni ya TSR, wachapishaji wa mchezo huo wakati ule, ilikitoa kwa jina la Deities & Demigods, kikiwa na kurasa 144. Ndani yake mlikuwa na sura kuhusu viumbe wa Cthulhu, kutoka hadithi za kutisha za H. P. Lovecraft, na nyingine kuhusu ulimwengu wa Melniboné, kutoka riwaya za Michael Moorcock, ambazo ziliondolewa katika chapa zilizofuata kwa sababu kampuni nyingine ya michezo ilikuwa na haki za kuzitumia hadithi hizo zote mbili. Kitabu kikabaki na kurasa 128, lakini jina halikuguswa wala jalada halikuguswa. Hadi leo mkusanyaji wa vitabu vya zamani anayeuziwa nakala ya Deities & Demigods haangalii jalada, maana jalada halimwambii lolote; huifungua nakala na kutazama kama sura hizo zimo.

Kisha mwaka 1985 mambo yakageuzwa kichwa chini miguu juu. Safari hii yaliyomo yakabaki kama yalivyokuwa, ila kitabu kikaitwa Legends & Lore na kupewa jalada jipya. Hizo zilikuwa nyakati ambazo nchini Marekani mchezo huu ulikuwa ukishambuliwa na makundi ya kidini yaliyouona kuwa ni mlango wa ushetani, na jina linalotaja miungu waziwazi halikuwa rahisi kulitetea. Naielewa sababu hiyo, na pengine mimi pia ningeamua vivyo hivyo. Lakini fikiria mchezaji aliyekwisha kuwa na nakala ya mwaka 1981, akaliona jina jipya na picha mpya, akanunua, akafika nyumbani na kukuta maneno anayoyajua kwa moyo. Anayemwambia mtu huyo kwamba mashabiki hawapendi mabadiliko hajamsikiliza hata kidogo. Ilipofika mwaka 1990 jina hilo hilo la Legends & Lore likapewa kitabu kilichoandikwa upya kwa ajili ya toleo la pili la mchezo, na mwaka 2002, chini ya Wizards of the Coast waliokuwa wameinunua TSR mwaka 1997, jina la zamani likarudi juu ya kitabu kingine kabisa. Majina mawili, vitabu vinne tofauti au vitatu, kutegemea unavyohesabu, na kila mmoja wetu katika kazi hii amewahi kuchanganyikiwa hapo.

Jalada peke yake ni jambo jepesi zaidi, ingawa nalo lina uzito wake. Player's Handbook ya mwaka 1978, kitabu cha wachezaji cha mchezo huo huo, ilikuwa na picha ya David Trampier: sanamu kubwa ya kutisha, wezi wawili wakiling'oa jicho lake la kito, na chini yao wenzao wakipumzika baada ya mapigano na kupanga hatua inayofuata. Mwaka 1983 kitabu hicho hicho kilichapwa upya kwa jalada la Jeff Easley, lenye mchawi katikati ya vita. Kwa ufundi wa rangi sina shaka kwamba Easley alimzidi mwenzake. Hata hivyo, picha ya Trampier ilimfundisha mgeni namna mchezo unavyochezwa, yaani kundi la watu, mipango, hatari iliyopita na tamaa inayoleta hatari nyingine, na hilo ndilo wachezaji wa zamani wanalolililia wanaposema jalada lile lilikuwa bora. Hawasemi lilichorwa vizuri zaidi.

Kuna pia mabadiliko yanayotokana na sheria. Mwaka 2023, baada ya mzozo mkubwa juu ya leseni huria ya Dungeons & Dragons, ile inayoruhusu kampuni nyingine kutumia kanuni zake, Paizo, wachapishaji wa mchezo mwingine uitwao Pathfinder, waliamua kuviandika upya vitabu vya msingi vya mchezo wao ili visiitegemee tena leseni hiyo, na Core Rulebook ya mwaka 2019 ikarithiwa na Player Core, cha wachezaji, na GM Core, cha msimamizi wa mchezo. Swali lililoulizwa na wachezaji lilikuwa moja, tena la kiutendaji: je, kitabu changu cha zamani bado kinafaa? Kwa maoni yangu jina jipya lilistahili pale, kwa kuwa kilichokuwa ndani kilikuwa kimebadilika kweli.

Na mimi nina langu la kuungama. Katika kampuni niliyokuwa nikifanya kazi, tulikibadilishia jina kitabu cha nyongeza miezi michache kabla ya kukitoa, baada ya watu wengi kuwa wamekwisha kukiagiza. Tulibaki na nambari ile ile ya ISBN, yaani nambari ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, lakini wauza vitabu kadhaa wakaendelea kuonyesha jina la zamani na jalada la zamani, na baadhi ya wanunuzi wakaagiza mara mbili wakidhani ni vitabu viwili. Nilijiandaa kujibu maswali juu ya jina. Barua iliyonikaa akilini ilikuwa na picha tu ya rafu: vitabu sita vya mfululizo wetu vimesimama, nembo za vitano ziko kwenye mstari mmoja, na ya sita imejitokeza juu kwa milimita nane, kama jino lililoota vibaya. Mbunifu wetu alikuwa ameipandisha ili jina jipya, lililokuwa refu zaidi, lipate nafasi kwenye uti wa kitabu. Hakuna aliyeliona hilo ofisini, maana ofisini hatukuwa na rafu, tulikuwa na skrini.

Tangu siku hiyo sipitishi jalada jipya kabla sijachapa uti wake kwenye karatasi na kuusimamisha kando ya vitabu vilivyotangulia. Vilevile huandika sentensi moja: "Kitabu hiki kilichapwa awali kwa jina la…," ikifuatwa na maelezo ya kama yaliyomo yamebadilika au la. Idara ya mauzo huifuta kila ninapoiweka kwenye jalada la mbele, kwa hoja kwamba inakifanya kitabu kipya kionekane kikuukuu. Sasa naiweka nyuma, chini kabisa, kando ya msimbo pau, ambako hakuna mtu anayegombania nafasi.