Crespi d'Adda: Kijiji Kisicho cha Kale na Mengine Yanayodhaniwa Juu Yake

Mgeni anayeshuka barabara ya kuingia Crespi d'Adda, karibu na mji wa Bergamo katika eneo la Lombardia kaskazini mwa Italia, hukutana na madirisha ya matao, mapambo ya udongo wa kuchoma na mnara wa ngome uliochomoza juu ya miti, naye huamini kwamba ameingia katika kijiji cha mabwana wa upanga. Kuna dhana kadhaa kuhusu mahali hapa zinazorudiwa mara kwa mara, na hiyo ndiyo ya kwanza.

"Ni kijiji cha Karne za Kati."

Kijiji kizima ni kichanga kuliko reli za kwanza za Italia. Cristoforo Benigno Crespi, aliyetoka katika ukoo wa watengenezaji nguo wa Busto Arsizio, alinunua ardhi katika pembe ambapo mto Brembo huungana na mto Adda, na mwaka 1878 kiwanda chake cha pamba kikaanza kazi. Ile inayoitwa ngome haikupata kuzingirwa na adui yeyote, kwa kuwa ni nyumba ya familia ya mwenye kiwanda, iliyochorwa na msanifu Ernesto Pirovano na kujengwa katika miaka ya 1890. Kanisa nalo ni nakala ya kanisa la Santa Maria di Piazza la Busto Arsizio, mji wa nyumbani wa tajiri huyo, ambalo ndilo la zamani kweli. Anayetaka ngome halisi ya mabwana wa Visconti, ukoo uliotawala Milano zamani, hana budi kuvuka Adda hadi Trezzo, ambako magofu yake yangalipo. Mtindo wa kale ulichaguliwa makusudi, na mimi nauona kuwa ujanja wa aina yake, kwani kiwanda kipya kilichovishwa matofali na matao ya mababu huonekana kana kwamba kilikuwapo siku zote, na mamlaka ya mwenyewe huonekana vivyo hivyo.

"Mto ulichaguliwa kwa mandhari."

Kilichotafutwa ni nguvu ya maji. Italia haikuwa na makaa ya mawe ya kutosha, na yale yaliyoagizwa kutoka ng'ambo yaligharimu fedha nyingi, ilhali Adda, unaotoka Ziwa Como kuelekea mto Po, hushuka kwa kasi katika sehemu hiyo. Ndiyo sababu majengo ya kiwanda yamelala kwa urefu kando ya mto, maji yakielekezwa kwenye mfereji ili yazungushe mitambo, na ndiyo sababu mwaka 1909 kikaongezwa kituo cha kuzalisha umeme ambacho bado kinasimama hapo. Pamba yenyewe haikulimwa Lombardia, maana baridi ya huko haiiruhusu. Ilifika kwa marobota kutoka mbali. Maji na watu ndivyo vilivyopatikana papo hapo.

"Crespi ni jina la zamani la mahali."

Crespi ni jina la ukoo. Kijiji kilibandikwa jina la mwenye kiwanda, kikaongezewa la mto, na kiutawala ni sehemu ya Capriate San Gervasio.

"Kilikuwa zawadi ya tajiri mwenye huruma."

Dhana hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Makazi ya kwanza yalikuwa majengo ya ghorofa yaliyobeba familia kadhaa kila moja. Baadaye mpango huo uliachwa, na mwana wa mwanzilishi, Silvio Benigno Crespi, aliyekuwa amekwenda Uingereza kujifunza shughuli za viwanda, akashika usukani na kuendeleza nyumba ndogo za familia moja au mbili, kila moja na bustani ya mboga na uzio wake, zikiwa zimepangwa kwa mistari iliyonyooka. Palikuwa na shule ambayo gharama zake zilibebwa na kiwanda, daktari, mabafu ya umma yenye maji ya moto, na mahali maalumu pa kufulia ili akina mama wasiende mtoni. Katika Ulaya ya wakati ule, ambapo wafanyakazi wengi wa viwandani walirundikana katika vyumba vichafu vya mijini, mambo hayo hayakuwa madogo, na si haki kuyabeza.

Hata hivyo, zawadi huwa ya aliyepewa, na nyumba hizi hazikuwa za waliokaa ndani yake. Zilikuwa mali ya kampuni na zilikaliwa na waajiriwa wake tu, kwa hiyo aliyeachishwa kazi alikuwa amepoteza na makao pia. Msomaji aliyekulia katika kota za reli au za shamba la mkonge ataelewa jambo hili bila kuelezwa zaidi. Mpangilio wa kijiji nao unazungumza waziwazi: nyumba za vibarua zimejipanga karibu na kiwanda, nyumba kubwa za makarani na wakuu wa idara zimejitenga upande wa kusini, za daktari na padri zimewekwa juu kilimani zikitazama wengine wote, na nyumba ya mwenye mali ina mnara. Hata makaburini mpango haukubadilika, kwani misalaba midogo ya wafanyakazi imetawanyika kwenye majani mbele ya jengo kubwa la kaburi la ukoo wa Crespi, lililobuniwa na Gaetano Moretti. Ukarimu na udhibiti vilijengwa kwa tofali moja.

Ukoo huo wenyewe haukudumu. Msukosuko wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwakuta katika madeni, wakalazimika kuuza kila kitu. Kiwanda kilipita mikononi mwa wamiliki wengine mpaka kilipofungwa mwaka 2003, na nyumba ziliuzwa hatua kwa hatua, nyingi zikinunuliwa na wale wale waliokuwa wakizikalia.

"Sasa ni mahame, na ni mali ya UNESCO."

Kilichonyamaza ni kiwanda peke yake. Mamia ya watu wanaishi kijijini, baadhi yao wakiwa wajukuu na vitukuu vya wasokotaji wa mwanzo, nao huanika nguo na kupalilia bustani zile zile huku watalii wakipiga picha nje ya uzio. Kuhusu UNESCO, iliingiza Crespi d'Adda katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995 kama mfano bora wa miji iliyojengwa na wenye viwanda kwa ajili ya wafanyakazi wao, lakini kuorodheshwa hakuhamishi umiliki, jambo ambalo wenye nyumba za Mji wa Kale wa Lamu, ulioorodheshwa mwaka 2001, wanalifahamu vizuri. Nyumba za Crespi zimebaki za watu binafsi, nacho kiwanda kilinunuliwa na mfanyabiashara mwaka 2013. Wajibu wa kulinda ni wa Italia na wa wenyeji. Kwa kuwa kilichoorodheshwa ni kijiji kizima pamoja na mpangilio wake, mwenye nyumba anayetaka kubadilisha uzio au rangi ya ukuta wake anagusa urithi huo moja kwa moja.