Kisukari na dawa za "kuponya kabisa": maswali yanayobaki kwenye benchi la kusubiria

Maswali haya aghalabu hayaingii chumba cha daktari. Huulizwa nje, mgonjwa kwa mgonjwa, na hujibiwa na yeyote aliyekaa karibu.

Kisukari kinaletwa na kula sukari?

Si moja kwa moja. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Mtoto aliyepatwa na aina hii hakuponzwa na pipi, wala mama yake hana la kujilaumu. Katika aina ya pili insulini ipo, ila mwili hauiitikii ipasavyo, na kongosho linalolazimika kutoa zaidi na zaidi hatimaye huelemewa. Humo kuna urithi, unene hasa wa tumboni, umri na maisha ya kukaa tu. Vinywaji vya sukari vina hatia yake, kwani huongeza uzito bila kushibisha. Lakini hata asiyetia sukari kwenye chai huugua, maana wanga ukishasagwa tumboni huwa glukosi, yaani sukari ya damu.

Sisimizi hawaji kwenye mkojo wangu. Si niko salama?

Huwezi kujua kwa njia hiyo. Figo huchuja glukosi kisha huirudisha kwenye damu, na huanza kushindwa pale sukari ya damu inapopita 10 mmol/L hivi (hicho ndicho kizio cha kupimia sukari ya damu). Kisukari hutambuliwa kuanzia 7.0 kabla ya kula chochote asubuhi. Kati ya 7 na 10 yupo mtu mwenye ugonjwa kamili ambaye sisimizi hawajapata habari zake. Anaweza kukaa hivyo miaka, huku mishipa midogo ya macho na figo ikiharibika bila maumivu yoyote.

Pima damu, basi. Na ukijipima mwenyewe nyumbani, nawa mikono na ukaushe kwanza. Ukimenya chungwa kisha ukachoma kidole hichohicho, tone la damu litachanganyika na maji ya tunda, na mashine itakupa namba ya kukutia kiwewe. Mtu anaweza kujiongezea dawa kwa sababu ya chungwa tu.

Vitu vichungu huua sukari?

Uchungu unaishia ulimini, damu haionji.

Ila haitakuwa haki kusema mimea haina kitu. Metfomini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa aina ya pili huanza nacho, chimbuko lake ni mmea uitwao Galega officinalis, uliotumiwa na waganga wa Ulaya kwa karne nyingi. Mmea wenyewe una sumu. Kondoo wakiula huweza kufa. Ilibidi wanakemia watafute kiini chake, wakibadilishe, wapime kiasi kisichodhuru. Daktari Jean Sterne wa Ufaransa alichapisha matokeo ya kuitumia metfomini kwa wagonjwa mwaka 1957. Dawa nyingine ya ukoo huohuo, fenfomini, iliondolewa sokoni katika nchi nyingi kuanzia miaka ya 1970 kwa sababu ilijaza tindikali kwenye damu za baadhi ya wagonjwa na kuwaua. Dawa ya hospitali ikidhuru, yupo anayehesabu. Unga wa mitishamba unaouzwa kwenye kopo nani anauhesabia?

Lakini nimeona kwa macho yangu. Jirani alitumia huo unga, sukari ikashuka.

Sikatai kwamba ilishuka. Tuulizane nani aliyeishusha.

Sikiliza masharti anayopewa mteja: acha soda, punguza wanga, usile usiku, tembea kila asubuhi, kunywa unga vijiko viwili. Fuata masharti yote hayo na unga umwage jalalani, uone kama sukari haitashuka vilevile. Kisha mwulize jirani kama aliacha vidonge vyake. Huenda hakuacha, alichanganya, na sifa zote zikaenda kwenye kopo.

Uwezekano wa tatu ndio unaonitisha. Kuna unga unaoitwa wa asili ambao ndani yake zimesagwa dawa za hospitali kwa siri. Mwaka 2008 nchini Singapore, wanaume zaidi ya 100 walifikishwa hospitalini sukari yao ikiwa imeporomoka. Chanzo kikuu kilikuwa dawa haramu za nguvu za kiume zilizotiwa glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Wengi wao hawakuwa na kisukari kabisa. Wanne walikufa.

Halafu namba ya asubuhi moja haithibitishi kitu. Hupanda na kushuka kwa usingizi mbaya, mafua, hata mlo wa jana usiku. Kipimo cha damu kiitwacho HbA1c ndicho hueleza hali ya miezi miwili hadi mitatu kwa pamoja, na sijawahi kusikia muuzaji wa kopo akikitaja.

Asali je? Ni ya asili.

Ndiyo, na karibu asilimia 80 ya uzito wake ni sukari. Ihesabu hivyo.

Insulini si ndiyo mwisho? Bibi alianza sindano, muda si mrefu akakatwa mguu.

Pole kwa bibi. Fikiria sasa alianza lini. Mgonjwa huambiwa aanze insulini, akaogopa, akazungukia makopo miaka mitatu minne. Muda wote huo sukari ya juu inaua mishipa ya fahamu miguuni mpaka hasikii kokoto lililoingia kwenye kiatu. Kidonda kinatokea unyayoni, hakioni wala hakimuumi. Siku anayokubali sindano, mguu umeshaoza kwa ndani. Ukikatwa, lawama inaiangukia sindano kwa kuwa ndiyo iliyofika karibuni.

Januari 1922, huko Toronto, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini, mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa nayo. Alikuwa mifupa mitupu, kilo 30 hivi, maana tiba ya siku zile ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula ili asife haraka. Sindano ya kwanza haikufaa kitu, dawa haikuwa safi. Siku 12 baadaye walirudia na iliyosafishwa zaidi, na sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi.

Mwenye aina ya kwanza, mdogo au mkubwa, hana njia nyingine. Atakayemwambia aache sindano ajaribu dua peke yake au majani anamweka kwenye hatari ya kufa ndani ya siku chache. Dalili za hatari hiyo ni kiu isiyokatika, kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kuhema kwa nguvu, na pumzi yenye harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Hapo ni hospitali usiku uleule.

Kwa hiyo hakiponi kamwe?

Aina ya pili inaweza kutulia. Katika utafiti wa DiRECT uliofanyika Uingereza, karibu nusu ya waliowekwa kwenye mpango mkali wa kupunguza uzito walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari baada ya mwaka, bila dawa yoyote, na waliopunguza kilo 15 au zaidi ndio waliofaulu wengi zaidi. Hawa walikuwa wameugua miaka isiyozidi 6, na walisimamiwa hatua kwa hatua. Madaktari hawaiti hali hiyo kupona, kwa sababu uzito ukirudi na kisukari hurudi. Bado hupimwa kila mwaka, macho, figo na miguu.

Nimeshaanza dawa ya mitishamba. Nimwambie daktari?

Mwambie, na ubebe kopo lenyewe. Usiogope kugombezwa, kama mmoja wao ni mkali, nesi atakusikiliza. Usiache dawa zako kabla ya siku hiyo. Na ukijikuta unatetemeka, jasho jembamba linakutoka, moyo unakwenda mbio, pima sukari. Ikiwa chini ya 3.9, kunywa nusu glasi ya soda yenye sukari au juisi ya matunda, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali, na kopo liende naye.