Sahihi haikufungi: maswali ya wazazi wa watoto wa SS kuhusu seli shina

Maswali haya nayasikia kila wiki kwa wazazi wa hapa Lubumbashi, kuanzia Katuba mpaka Ruashi. SS ni ugonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto anazaliwa nao.

Seli shina ni nini?
Ni seli mama, zile zinazozaa seli nyingine. Zilizo ndani ya uboho, katikati ya mifupa, ndizo zinazotengeneza damu.

Zinaponya SS?
Uboho wa ndugu anayelingana na mgonjwa unaweza kumponya. Lakini kwa kila ndugu wa baba na mama mmoja, nafasi ya kulingana ni 1 kati ya 4, na kazi hiyo ni ya hospitali kubwa yenye dawa kali. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani zilikubali pia tiba ya kurekebisha seli shina za mgonjwa mwenyewe. Poda ya kopo inayouzwa mlangoni kwa jina la «seli shina» haimo humo.

Mtu ameniletea karatasi ya «utafiti». Nitie sahihi?
Muulize kwanza: kamati gani ya maadili imekubali? Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinayo. Hana barua, mwage. Anataka dola ili mtoto aingie? Huyo anauza. Mtafiti wa kweli anakueleza kwa lugha unayoisikia: watafanya nini, hatari ni ipi, damu ya mtoto itawekwa wapi, akidhurika nani atamtibu. Unaenda nayo nyumbani, unaongea na baba watoto, unarudi siku nyingine. Mtoto aliyeanza kuelewa naye anaulizwa. «Tia hapa, mama, nitakueleza kesho» si ridhaa.

Nimeshatia sahihi. Naweza kumpeleka mtoto hospitali?
Ndiyo, na leo hii! Hapa ndipo ninapoumia. Mtoto ana homa siku ya tatu, mama yuko nyumbani kwa sababu «nilitia sahihi». Mama, sahihi haikufungi. Tamko la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha mwaka 1964, linakupa haki ya kujitoa wakati wowote.

Hata kama walinipa pesa ya usafiri?
Hata hivyo. Sahihi haikufungi. Wengu wa mtoto wa SS hauwezi kupigana na vijidudu, homa inaweza kumuua kwa saa chache. Ikifika nyuzi 38.5, beba mtoto uende, hata usiku. Usimpigie simu mwenye karatasi kwanza.

Watu wa utafiti wamesema tuache hidroksiurea, dawa ya SS.
Msiache. Anayeamua hilo ni daktari anayemfuata mtoto.

Nitawaambia nini?
Waambie: «Mtoto wangu ametoka.» Sababu si lazima uitoe.