Pete ya ndege si kifaa cha kumfuatilia

Nimelisikia tena wiki hii, safari hii redioni: ndege kaokotwa "na kifaa cha kufuatilia mguuni". Nilipoiona picha, mguuni palikuwa na kipande cha alumini chenye tarakimu. Hiyo ni pete.

Kuvisha ndege pete ni kumnasa kwa wavu mwembamba, kumfunga mguuni pete nyepesi yenye namba isiyorudiwa pamoja na anwani, kumpima bawa na uzito, kisha kumwachia aende zake. Basi. Pete haina betri wala redio, na haitumi habari popote.

Neno lenyewe lina kisa. Mwaka 1899 mwalimu wa Viborg, Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, aliwavisha kwezi pete za alumini. Zinki aliyoijaribu kabla ilikuwa nzito mno. Waingereza wakaiita kazi hiyo kwa jina la pete, Wamarekani kwa jina la ukanda, nasi tukafuata Waingereza. Lakini bibi wa Lamu ana haki ya kuuliza: pete ya mguuni ni pete gani? Pete ni ya kidole, bangili ni ya mkono, na pambo la mguu lina majina yake, mtali na furungu. Kwa hesabu hiyo ndege amevaa mtali. Hata hivyo mimi nalipenda neno pete, kwa kuwa Mswahili akisema chanda na pete anataja vitu visivyoachana, na pete ya ndege huvaliwa mpaka kufa.

Nisichokikubali ni kuiita kazi hiyo "kutia chapa". Chapa hutiwa ng'ombe ili ajulikane ni wa nani. Anwani iliyo kwenye pete haitaji mwenye ndege. Inataja pa kupeleka habari.

Na habari hiyo haiji yenyewe. Pete inahitaji mikono miwili: wa aliyevisha na wa aliyeokota. Mei 1911 mbayuwayu alivishwa pete Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Watu wakajua kwa uhakika kwamba mbayuwayu wa Uingereza hufika huko. Alipita njia gani, alilala wapi, pete haikusema, wala haiwezi kusema. Kifaa cha kufuatilia kingesema, ila ndege mdogo hawezi kubeba kila kifaa.

Ndiyo maana lazima wavishwe wengi. Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, kazi hii inafanyika tangu 1969, hasa Novemba na Desemba. Ndege walioondoka Ulaya na Asia majani yakianza kupukutika hutufikia sisi wakati wa vuli, na husafiri usiku. Usiku usio na mwezi, ukungu ukishafunika mlima, taa za hoteli iliyo pale huwavuta washuke kwa wingi. Wavishaji hukesha wakiwatoa nyavuni mmoja mmoja, wengi wao vijindege vya rangi ya udongo vyenye uzito wa gramu 12 hivi. Ni kazi ya vidole vyepesi na subira, kwa maana wengi wa ndege hao hawataonekana tena na mtu yeyote. Wachache wameokotwa hadi Urusi na Saudi Arabia, wakiwa na anwani ya makumbusho ya Nairobi mguuni. Kila mmoja wao ni mstari mmoja kwenye ramani, uliopatikana kwa sababu mtu asiyewajua wavishaji aliinama akasoma.

Kwa hiyo ukimwokota ndege wa namna hiyo, soma namba yote na anwani, andika tarehe na mahali, upeleke habari. Akiwa hai, usimvue. Na ukimsimulia jirani, mwambie umeona ndege mwenye pete.